Gulio la Jumamosi mtaani kwa kujitolea: kabla ya turubai, pangeni nani anakaa wapi

Mkuu umeuliza kwamba mko watu kumi na wawili, akinamama na vijana, mna kipande cha barabara ya mtaa ambacho Jumamosi magari ni machache, mnataka kuweka gulio la wakazi na hakuna wa kulipwa, sasa mtaji shilingi ngapi na turubai mnunue wapi. Mimi niko kwenye kamati ya gulio la huku kwetu Tabata, Dar es Salaam, mwaka wa tano sasa, bure kabisa, na nakuomba turubai uliweke pembeni kwanza, kila muuzaji atakuja na mwavuli wake. Letu lilikaribia kufa mara mbili na zote mbili shida ilikuwa nafasi. Nani anakaa wapi, basi.

Tulipoanza tulisema anayewahi ndo anakaa. Wiki ya tatu watu wakawa wanakuja saa tisa usiku kuweka jiwe au kreti tupu. Baada ya mwezi hivi tukagundua jiwe lenyewe linapangishwa, yaani mtu hauzi hata kitunguu, anaweka jiwe usiku, asubuhi anamwachia mwenzie kwa elfu tano, na sisi kamati tunazunguka na vesti zetu tunadhani mambo yanaenda vizuri. Kulikuwa na mama wa mchicha anatokea bonde la Msimbazi, mchicha unavunwa alfajiri, sasa huyo saa tisa usiku anakuja na nini? Kila Jumamosi akawa anasukumwa mwisho kabisa kwenye jua karibu na mtaro, ikifika saa nne mboga imeshanyauka. Akaacha kuja. Na wateja wengi wa asubuhi walikuwa wanamfuata yeye, ndo wakipita wananunua na nyanya na dagaa, kwahiyo alivyoondoka na wa nyanya wakaanza kulalamika biashara mbaya. Lile jambo liliniuma sana, kwasababu gulio tulilianzisha kwa ajili ya watu kama yule mama.

Tukasimamisha wiki mbili tukapima barabara kwa futi kamba, tukachora kwa chokaa namba 1 mpaka 46, kila meza mita mbili kwa moja na nusu. Kila mwisho wa mwezi tunapiga kura hadharani, vikaratasi kwenye ndoo, mtoto wa mtaani anachomoa kila mtu anaona. Ila usichanganye wote kwenye ndoo moja. Mbogamboga na matunda wana ndoo yao, upande wenye kivuli asubuhi. Wa moto, yaani chipsi, mihogo, samaki wa kukaanga, wana ncha yao ya barabara, na hiyo ncha inabadilika: kipindi cha upepo wa kusi wanakaa upande wa kaskazini, upepo wa kaskazi ukiingia tunawahamishia kusini, la sivyo moshi wote unaishia kwenye mitumba na mwenye mitumba hauzi kitu. Nafasi haiuzwi wala haiachiwi ndugu, na ikifika saa moja na nusu asubuhi hujatokea anapewa anayesubiri. Na mwanakamati haruhusiwi kupewa meza nje ya kura hata mkewe akiwa anauza maandazi, hilo msilegeze hata siku moja.

Mara ya pili walikuwa ni wenye fremu, yaani maduka ya pembeni ya barabara. Hawa watu wanalipa pango na leseni mwezi mzima, alafu Jumamosi ambayo ndo siku yao unawazibia mlango. Mmoja anauza vifaa vya ujenzi, gari lake la saruji lilikwama tangu asubuhi mpaka mchana, akakusanya wenzie wakaenda kushtaki, na walikuwa na haki kabisa. Tulikaa nao jioni mbili nzima. Tukakubaliana mlango wa kila fremu uachiwe wazi mita mbili, mwenye fremu akitaka meza mbele ya duka lake anapewa bila kuingia kwenye kura, na mbele ya duka la mchele haukai mchele. Leo wawili kati yao ndo wanatutunzia kamba na ubao.

Kibali: anza kwa mjumbe, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, na omba lijadiliwe kwenye mkutano wa wakazi liingie kwenye muhtasari, usiridhike na ruhusa ya mdomo kwasababu viongozi wanabadilika. Wao watakuelekeza kata na halmashauri. Barabara za mitaani tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ila kama yenu ni barabara kuu ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, hapo sahau, tafuteni kwingine. Katikati acheni njia ya gari la wagonjwa, mita nne, wekeni kamba pande zote. Sisi tulijifunza siku mzee mmoja alipozidiwa tukaanza kubeba meza za watu huku familia inalia.

Hela. Kila meza elfu moja, zikijaa zote ni 46,000. Vijana wawili wa usafi elfu kumi kumi, mwenye nyumba anayetuachia choo elfu nane, maji ya kunawa elfu tatu, zinabaki kama elfu kumi na tano za chokaa na akiba. Wanakusanya wawili wawili, na kabla hatujatawanyika hesabu inaandikwa ubaoni siku ileile. Mweka hazina wetu wa kwanza hakuchukua hata shilingi, daftari lake lilikuwa safi, ila alikuwa anasoma mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu na hapo kati maneno yakasambaa mtaani, dada wa watu akajiuzulu analia. Mpaka leo nasikitika hatukumkinga.

Kuanza kwetu hakukufika laki moja na nusu: chokaa, kamba, ndoo za kunawia, ubao, vesti. Nyie kumi na wawili gaweni zamu, kila mtu Jumamosi moja kati ya tatu, hasa ile ya saa kumi alfajiri ya kulinda namba, maana mkijitokeza wote kila wiki mwezi wa tatu mtabaki wanne na hao wanne watakuwa wamegombana. Masika mvua ikiwa kubwa ahirisheni mapema Ijumaa jioni, mtu asinunue mzigo akaja kukuta maji.

Yule mama wa mchicha tulimfuata mpaka bondeni kumwambia kuna kura sasa, akarudi, mwezi huu yuko namba 7. Pimeni upana wa barabara yenu mje muandike hapa, na mseme jua la asubuhi linapiga upande gani, nitawasaidia kuchora.