Maswali ya Wasomaji: Nyimbo Zilizovurugika Majina

SWALI: Nimekusanya nyimbo za zamani za dansi kutoka kwenye CD na flashi za marafiki. Kwenye simu, Mbaraka Mwinshehe anatokea kama wasanii watatu, albamu moja imekatika vipande vipande, na nyimbo nyingine zinaitwa "Track 01". Nimebadilisha majina ya faili yote, lakini simu bado inaonyesha yale yale. – Msomaji, Tanga

JIBU: Simu haiangalii jina la faili. Inasoma tagi, yaani taarifa zilizoandikwa ndani ya faili lenyewe, na hizo ndizo za kurekebisha. Kwanza nakili folda nzima kwenye diski nyingine. Kisha weka Mp3tag, programu ya kurekebisha tagi, kwenye kompyuta. Kwa Windows ni ya bure.

Fungua folda, bonyeza F3, na kwenye kisanduku cha chini andika "mwin". Zitabaki nyimbo zenye herufi hizo tu, ziwe zimeandikwa Mwinshehe au Mwinyshehe. Zichague zote kwa Ctrl+A, andika tahajia moja kwenye "Artist", kisha Ctrl+S. Nafasi zilizoandikwa "<keep>" usiziguse, maana kila wimbo unabaki na chake. Wengi huharibu hapa: wakigusa "Title" wakati nyimbo 40 zimechaguliwa, zote 40 zinapata jina moja. Ikitokea, Ctrl+Z hurudisha.

Tahajia ikishakuwa sawa na jina bado linajirudia, tafuta nafasi tupu mwishoni mwa jina. Kwenye majina yenye ng', angalia pia alama ya juu: iliyonyooka na iliyopinda ni herufi mbili tofauti kwa programu.

Ila usilazimishe kila kitu kiwe kimoja. Mbaraka alipiga na Morogoro Jazz, kisha mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Hizo ni bendi mbili, na anayesikiliza anastahili kujua ni ipi inayopiga.

Albamu hukatika kwa sababu programu nyingi huzipanga kwa "Album Artist". Nafasi hiyo ikiwa tupu, wimbo wenye mwimbaji mgeni huhesabiwa kuwa albamu nyingine. Chagua nyimbo zote za albamu, jaza jina la bendi hapo, na mgeni abaki kwenye "Artist".

"Track 01" hutokana na CD: nyingi hazibebi majina ya nyimbo, kwa hiyo kompyuta huyatafuta mtandaoni, na isipoyapata huweka namba tu. Kwa kuwa majina ya faili umeshayasahihisha, yahamishie kwenye tagi kwa Alt+2. Faili likiwa limeandikwa namba, bendi na jina la wimbo, andika %track% - %artist% - %title%. Soma mfano unaoonyeshwa kabla ya kukubali; kistari kikikosekana, taarifa huingia nafasi isiyo yake.

Programu nyingine, MusicBrainz Picard, hutambua wimbo kwa kusikiliza sauti yake, lakini dansi na taarabu za zamani nyingi hazimo kwenye hazina yake. Usihifadhi inachopendekeza bila kukisikiliza.

Ukimaliza, futa nakala za awali za nyimbo hizo kwenye simu ndipo unakili upya.

SWALI: Redio ya gari inakata majina marefu na kuchanganya mpangilio. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Huenda inasoma tagi ya zamani, ID3v1, isiyozidi herufi 30 kwa jina. Kwenye mipangilio ya Mp3tag, sehemu ya Mpeg, chagua kuandika tagi mpya kuliko hiyo, ID3v2.3; redio nyingi huielewa kuliko 2.4. Kuhusu mpangilio, anza majina ya faili kwa 01, 02, na si 1, 2, la sivyo wimbo wa 10 utatangulia wa 2. Redio nyingine hufuata mpangilio wa kunakili, kwa hiyo futa flashi na unakili upya moja baada ya nyingine.

SWALI: CD ni ya juzi, muziki ni wa zamani. Niandike mwaka upi? – Msomaji, Unguja

JIBU: Wa kurekodiwa. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Ukiandika mwaka wa CD, atapangwa na wasanii wa leo. Mwaka wa toleo jipya uweke kwenye "Comment".