Jibu: Buluu moja ya kundi letu imetoka aina tatu

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Nimekufahamu: mko wanne, mmegawana kutia rangi vitambaa vya marekani (pamba isiyopaushwa) kila mtu kwao, Fuoni, Bububu na mjini huko Unguja, na buluu ya pakiti moja imetoka aina tatu.

Anzeni na kitambaa chenyewe. Chomoeni uzi kila jora muuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, mna poliesta ndani, na rangi za kuchovya baridi (zisizochemshwa) haziishiki. Kisha maji. Visima vingi vya Unguja vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, chokaa ni nyingi na inaharibu rangi. Tumieni maji ya mvua, au mchote wote pahala pamoja.

Acheni kupima kwa kijiko. Kitambaa kikavu kilo 1: rangi gramu 30, maji lita 20, chumvi kilo 1, soda ashi gramu 400 (yaani sodiamu kaboneti, si magadi ya kupikia maharage). Soda itieni mwisho. Ikishaingia tu, rangi inaanza kufa majini, ndiyo maana kinachochovywa saa mbili baadaye hutoka hafifu.

Kwa hiyo msigawane vitambaa, gawaneni kazi: mmoja apime, mmoja achovye buluu yote siku moja, wengine wakate na kushona. Kipande cha ukubwa wa kiganja kibandikeni daftarini pamoja na vipimo, lakini kikauke kwanza. Kikiwa kimajimaji huonekana kimekoza kuliko kilivyo. Vilivyokwisha kutofautiana virudisheni vyote pamoja kwenye buluu nzito zaidi.