Ukitaka kuisikia nanyin, fuata pipa

Anayeisikiliza nanyin kwa mara ya kwanza huifuata filimbi, na hapo ndipo anapopotea. Muziki huu wa Quanzhou, kusini mwa mkoa wa Fujian, ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2009, unaongozwa na pipa. Si pipa la maji: ni ala ya nyuzi 4, ya ukoo wa gambusi, na hapa hulazwa kifuani kama gambusi, ingawa kwingineko China husimamishwa.

Mwimbaji hukaa katikati na paiban, vibao 5 vya mti vilivyofungwa pamoja. Upande mmoja kuna pipa na sanxian ya nyuzi 3. Wa pili filimbi ya dongxiao na erxian, nyuzi 2 za kupigwa kwa uta. Wenyewe husema pipa ni mfupa, dongxiao ni nyama. Pipa hudonoa noti chache kavu, sanxian ikazifuata kwa sauti ya chini, dongxiao ikazipamba, na erxian ikaziba mapengo.

Kinachowashinda wengi ni mapigo. Katika nyimbo za mwendo wa qiliao, paiban hulia mara 1 tu katika hesabu 8. Saba zilizobaki ni kimya, na mgeni hudhani mwimbaji amesahau! Zihesabu kwa kidole pajani. Zikikuchosha, anza na sanliao, yenye hesabu 4.

Kwa anayejifunza: daftari husomwa juu kwenda chini, safu ya kulia kwanza. Kando ya neno la wimbo kuna alama ya noti, kisha ya kidole, kisha ya pigo. Kilichoandikwa ni sehemu ya pipa peke yake. Mpiga dongxiao akiifuata karatasi neno kwa neno, anatoa mfupa mtupu. Mapambo hupatikana kwa kukaa na mwalimu. Na dongxiao ikitoa upepo tu bila sauti, pumzi inazama ndani ya mwanzi badala ya kukatwa na ukingo wa tundu la juu. Sogeza kidevu kidogo kidogo hadi sauti itoke.

Kijadi kikao hufunguliwa na zhi, mfululizo wa vipande, hufuata nyimbo, hufungwa na pu, ambayo ni ala tupu. Waimbaji hupokezana paiban bila muziki kukatika, kwa hiyo chagua wimbo wa jamii ileile ya tuni uliyoikuta. Ukitaka kuhama, pitia kwanza wimbo wa daraja, guozhi. Ukirukia tu, wapigaji watakukodolea macho.