CLAMP si mtu mmoja (jibu kwa aliyeuliza aanzie wapi)

Mkuu mleta mada, umeuliza huyu CLAMP ni nani, mbona kila ukishika manga (katuni za Kijapani) yake uchoraji unakuja tofauti, na uanzie ipi.

CLAMP ni wanawake wanne wa Kijapani: Nanase Ohkawa, Mokona, Tsubaki Nekoi na Satsuki Igarashi. Walianza miaka ya 1980 wakiwa kundi kubwa zaidi, wakijichapishia katuni zao wenyewe. Manga yao ya RG Veda ilipoanza kutoka mwaka 1989 walikuwa saba, baadaye wakabaki hawa wanne mpaka leo. Ohkawa ndiye mtunzi, na ndiye anayepanga nani atangulie kushika kalamu. Mara nyingi ni Mokona, lakini manga ya Legal Drug, kwa mfano, ni mkono wa Nekoi.

Kwa hiyo tofauti uliyoiona wameikusudia. Mimi iliniingia siku nilipoziweka manga zao mbili, Tsubasa na xxxHolic, mezani pamoja. Zote zilianza 2003, zote za wachapishaji Kodansha, ila Tsubasa ilitoka kwenye jarida la wavulana na xxxHolic kwenye la wasomaji wakubwa zaidi. Kuna tukio lipo kotekote: kijana Syaoran, kalowa mvua, amempakata binti Sakura aliyepoteza fahamu, anafika dukani kwa mchawi Yuuko kuomba msaada. Yuuko anataka malipo. Wapo pia wageni wengine wawili: Kurogane anatoa upanga wake, Fai anatoa tatuu ya mgongoni, na Syaoran anakubali kwamba Sakura hatamkumbuka tena. Pale nilifunga kitabu kwanza.

Sasa angalia michoro. Kwenye Tsubasa mistari ni minene, picha zinakimbia, upepo unavuma ukurasa mzima. Kwenye xxxHolic, Yuuko yuleyule ana mistari myembamba, mikono mirefu kupita kiasi, na weusi umemwagwa bila huruma. Moshi wa kiko chake unapita katikati ya ukurasa ukijikunja kama nakshi ya mlangoni. Nimekaa jioni nyingi na kalamu ya wino nikiuiga moshi ule. Mkono ukitetemeka kidogo tu, moshi unageuka kamba.

Ukitaka kitu cha kusoma na wadogo zako, chukua Cardcaptor Sakura, vitabu 12, haina neno baya. Tokyo Babylon ni vitabu 7 tu na imeisha, ila mwisho wake unauma. Utakutana tena na wahusika wake wakuu, Subaru na Seishirou, kwenye manga nyingine iitwayo X, na hapo nakuonya mapema: X ilisimama mwaka 2003 na haijamalizwa. Nimeisoma mpaka pale ilipokomea, na kusema kweli bado naisubiri.

Ningekuwa wewe ningeanza na kitabu cha kwanza cha Tsubasa na cha kwanza cha xxxHolic, sambamba. Ukifika kwenye ile mvua rudi hapa utuambie umeionaje.