Denver mwezi wa pili, ukitokea Mtwara

Mkuu, umeuliza kama jaketi moja zito litakutosha Denver, kule Marekani, mwezi wa pili. Halitoshi, na kuna saa litakuchemsha. Mji wenyewe uko tambarare, kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, safu ya milima ya Rockies ikiwa upande wa magharibi. Unaweza kuamka na theluji, mchana jua likakuvua koti, jioni joto limeshuka chini ya sifuri. Sisi tumezoea kusi na kaskazi, pepo zenye msimu wake. Kule upepo wa milimani hukurupuka tu.

Vaa tabaka tabaka. Ndani fulana ya kubana, isiwe ya pamba maana pamba ikilowa jasho inakugandisha. Juu yake sweta la sufu, halafu koti jepesi la kuzuia upepo na maji. Mzula, glavu, buti zenye soli ya meno.

Sweta usihangaike nalo madukani, chambua mitumba hapa hapa mjini. Linakwenda kwa bei ya kutupa, nani atavaa sufu Shangani yetu ya Mtwara? Beba na mafuta ya mgando, hewa kavu ya kule inapasua midomo. Miwani ya jua pia, usicheke.