"Mungu hayupo" au "Hakuna Mungu"?

Msomaji wa Kondele, Kisumu, anasema chama chao cha mdahalo kimekwama hata kabla ya mdahalo wenyewe. Bango la kwanza liliandikwa "Je, miungu ipo?" Mmoja wao akalifuta akaandika "Je, miungu wapo?" Patroni naye akataka "Je, kuna Mungu?" Anauliza lipi ndilo sahihi, na iwapo upande wa upinzani useme "Mungu hayupo" au "hakuna Mungu".

Nitaanza na wapinzani, maana wao ndio watakaoumia. "Hayupo" ni neno la ofisini. Ingia ofisi yoyote pale Nakuru mjini, umuulizie mkubwa, utajibiwa: "Hayupo, rudi saa nane." Hutoki hapo ukidhani mkubwa huyo hajawahi kuzaliwa. Koti lake liko kwenye kiti, mwenyewe katoka. Basi atakayesimama jukwaani na kutangaza "Mungu hayupo" atakuwa amempa mshindani wake swali la bure: kaenda wapi, na anarudi lini? Ukumbi utacheka, na kicheko kwenye mdahalo ni vigumu kukijibu.

"Hakuna Mungu" haina mwanya huo. Ndivyo walivyoandika wafasiri wa Biblia katika Zaburi ya 14: "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Waislamu nao wanapoifasiri shahada huanza na "hapana" au "hakuna", kwa kuwa kinachokanushwa kwanza ni kila kinachoabudiwa, ndipo atengwe Mmoja. Mpumbavu huyo wa Zaburi, kwa njia, ndiye aliyejibiwa na mtawa Anselm katika karne ya 11. Anselm alidai kwamba hata mpumbavu anaelewa maana ya kitu ambacho hakiwezi kufikiriwa kingine kikubwa kuliko hicho, na kitu cha namna hiyo hakiwezi kubaki kichwani tu, kwani kilichopo kweli ni kikubwa kuliko kilicho mawazoni. Mtawa mwenzake, Gaunilo, akamtetea mpumbavu: kwa hoja hiyo, alisema, tungeweza kuthibitisha kisiwa kizuri kuliko vyote.

Kwa upande wa kuunga mkono, "Mungu yupo" ni Kiswahili safi. Tatizo ni kwamba mitaani kauli hiyo haibishani na mtu. Mama aliyeshinda na omena yake sokoni Kibuye bila wateja hufunga mzigo jioni akasema, "Mungu yupo." Hathibitishi chochote, anasema kesho itakuwa afadhali. Na ukisikia kwenye matanga mtu akiuliza "Mungu yupo kweli?", usimletee Anselm. Huyo analia. "Kuna Mungu" ni kauli baridi zaidi, inayoweka jambo mezani bila kudai kwamba tayari tunamjua anayezungumziwa, na kwa mdahalo baridi hiyo inafaa. Patroni wenu ana sikio zuri.

Hapa sarufi yetu inagusana na mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1781 kwamba kuwapo si sifa ya kitu. Thaler (sarafu za Kijerumani za wakati huo) 100 za kufikirika, alisema, hazipungui hata moja zikilinganishwa na thaler 100 za kweli. Tazameni: Mungu ni mwema, ni mkuu, ni wa milele. Sifa zote hizo zinapokea "ni". Kuwapo hakuingii kwenye foleni hiyo, kunadai umbo lake: yupo, kuna. Sisemi Waswahili walimtangulia Kant, na lugha haitoi hukumu juu ya mbingu. Lakini mdahili mwerevu anaweza kuitumia.

Kuhusu "yuko", sitasema mengi. Kiambishi -ko huacha mahali pakielea, kwa hiyo "Mungu yuko" masikioni mwa wengi inangoja neno: yuko wapi, yuko na nani. "Mungu ako" iacheni kwenye matatu, na "Mungu iko" msiipeleke jukwaani kabisa.

Sasa miungu. Kwa umbo, neno hili limekaa kama mti na miti. Kwa kanuni, chenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA bila kujali umbo lake, ndiyo maana mitume "walihubiri", hatusemi "ilihubiri" kama vile miti "ilianguka". Kwa kanuni hiyo, "miungu wapo" inatetewa vizuri. Lakini mazoea ya Biblia ni "miungu mingine", na mazoea hayo yana nguvu. Tatizo ni kwamba katika mdahalo huu upatanisho si mapambo: anayesema "ipo" amekwisha kuiweka pamoja na sanamu, na anayesema "wapo" amekwisha kuwapa uhai. Wote wawili wamejibu swali kabla ya kuliuliza. "Je, kuna miungu?" inawaondoa katika mtego huo.

Wingi huo msiutupe, lakini. Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 1995, aliwahoji wazee wenye hekima, na mmoja wao, Paul Mbuya Akoko, alijenga hoja yake juu ya wingi: Mungu ni mmoja kwa watu wote, kwa sababu miungu ingekuwa mingi, maumbile yangevurugika. Hoja hiyo imetoka kwa mzee Mjaluo, mnaweza kuanzia hapo kabla ya kwenda Ulaya.

Mwisho, maandishi. Mkimtaja kwa jina, "Mungu" kwa herufi kubwa. Mkisema juu ya aina, "mungu yeyote", ndogo. Na kwenye bango andikeni "kuwapo kwa Mungu", msiandike "uwepo wa Mungu". Makanisani "uwepo" ni ule unaoshuka wakati wa sifa, na mkiuweka kwenye bango, nusu ya wasikilizaji watakuja wakitarajia kwaya.