Kila aliyekuja alimkuta mtu (barua kwa mwanangu, Maskati)

Waalaykum salaam mwanangu,

Meseji yako niliipata juzi usiku, nikaisoma nikaizima simu, ndo maana sikujibu, si kwamba nimenuna kama anavyokwambia mama yako. Eti mwenzio wa kazini huko Oman kasema kabla ya Waomani Unguja ilikuwa pori na wavuvi wawili watatu, na wewe unaniuliza nani hasa alikuwa wa kwanza ukamjibu.

Wa kwanza n'takwambiaje baba? Kwenye pango la Kuumbi pale Jambiani wamefukua zana za mawe za watu wa zaidi ya miaka 15,000 nyuma, hata kisiwa chenyewe hakijawa kisiwa, kimeungana na bara. Ukitafuta wa kwanza utachimba mpaka utokee upande wa pili. Mie n'nalojua ni lile mnalonichekaga nyumbani: kila aliyekuja alimkuta mtu. Haya, cheka.

Mreno alimkuta mtu. Mwaka 1503 Ravasco, nahodha wa Kireno, kaja na meli yake, kateka vyombo vya watu baharini, mpaka mfalme wa Unguja akakubali kulipa mithkali 100 (kipimo cha zamani cha uzito) za dhahabu kila mwaka. Sasa mfalme wa wavuvi watatu hiyo dhahabu ya kutoa kila mwaka anaipata wapi? Na kabla yake, msikiti wa Kizimkazi Dimbani nilikupeleka mwenyewe, tukasali pale, nikakuonyesha maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, kwenye kibla: mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ukiwa na adabu usimuulize mwenzio Mayaarubi, ule ukoo wa maimamu wa Oman waliomtoa Mreno, walikuwa wapi mwaka huo. Ukikosa adabu muulize.

Lakini hilo si lililonitia joto juzi usiku. Lililonitia joto ni Ngome Kongwe.

Unakumbuka ile Idi, wewe na dada yako viatu vipya vinawabana mnalia? Tulikaa kivulini pale uwani, karibu na ule ukuta wenye mabaki ya kanisa la Wareno, wakaja wageni na mtembezaji wao. Si papasi wa kudandia wageni mtaani, huyu kitambulisho shingoni, miwani meusi, Kiingereza kinateleza. Anawaeleza vizuri tu: Wareno wakajenga kanisa, Waomani wakawatoa wakajenga ngome, Waingereza wakaja wakaifanya depo ya reli ya Bububu. Mama mmoja wa Kizungu akauliza, na wenyeji je? Akajibu, walikuwa wavuvi tu, hawakuwa na utawala. Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, kijana, na Malkia Fatuma? Hakunitazama hata. Akanijibu kwa Kiswahili ili wageni wasielewe: "Mzee, hizo hadithi za bibi zako, hapa watu wana ratiba." Halafu akacheka, na wageni nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Na ukoo wake naujua, watu wa Kizimkazi!

Wallahi mpaka leo nikipita Forodhani nalikumbuka lile jicheko.

Maana Fatuma binti Hassan si hadithi ya bibi, ingawa kweli bibi yako wa Makunduchi ndo alonihadithia mwanzo. Waomani walipowazingira Wareno ndani ya Ngome ya Yesu Mombasa, 1696 mpaka 1698, huyu malkia wa Unguja alikuwa anapeleka vyakula kwa Wareno. Ngome ilipoanguka Waomani wakaja kumchukua, wakampeleka Maskati, hukohuko uliko wewe, akakaa miaka ndo akarudishwa. Watu wa mji wanasema nyumba yake ilikuwa palepale alipokuja Sultani Barghash kujenga Beit al Ajaib, hatua chache tu na alipokuwa kasimama yule kijana na miwani yake. Mwambie mwenzio: kama lilikuwa pori, huyo malkia mlimchukua wapi?

Sasa hapo najua utaniambia, baba, lakini alikuwa upande wa Mreno! Ndo hapo penye kazi. Kwa nini mtu amlishe aliyemtoza kodi? Nadhani aliona mvamizi aliyemzoea ni nafuu kuliko anayekuja na njaa mpya. Au alikuwa na mkataba wake na akautimiza, mtu wa neno lake. Na Mombasa nao walikuwa na hesabu yao, wao ndo waloanza kwenda kumuomba Imamu wa Oman awasaidie kumtoa Mreno. Sasa aliyeitwa ni mvamizi? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini kwetu ya tatu mgeni ndo alompa mwenyeji jembe. Alipohamia Seyyid Said, mtawala wa Oman, na karafuu zikashika, mashamba mazuri ya magharibi yakawa ya mabwana na watumwa wao, Wahadimu, wenyeji wa Unguja, wakajikuta mashariki na kusini kwenye uwanda wa mawe, na Mwinyi Mkuu, mtawala wao kule Dunga, mwenye siwa (pembe ya enzi) na ngoma zake, akawa mkusanyaji wa kodi ya mwengine. Wa mwisho alikufa 1873. Waingereza sitaki hata kuwasema, 1890 himaya, 1896 mizinga chini ya saa moja, basi.

Nikishasema yote haya najipinga tena. Kuna Masudi, msafiri aliyeondoka huku kurudi Oman 916, anakieleza kisiwa cha Kanbalu, ambacho wataalamu wengi wanaona ni Pemba. Anasema Waislamu wa pale walikiteka kisiwa wakawafanya mateka Wazenji, watu weusi wa pwani hii, waliokuwepo. Sasa hao Waislamu, karibu miaka mia sita baada ya Masudi, si ndo wenyeji aliowakuta Mreno? Kwa hiyo aliyekutwa na yeye alikuja akakuta. Bibi yako angesema hao ni watu wa Pemba, haituhusu.

Unataka n'kwambie siye tuko upande gani. Bibi yako mtu wa uwandani, watu wake ndo hao walonyang'anywa. Babu wa mama yako alishuka na jahazi kutoka Sur, mji wa Oman, akapata shamba la karafuu, na hilo shamba ndo limekusomesha wewe. Jibu ninalo, tena nilikuwa n'shaliandika hapa, lakini mama yako kakaa ubavuni anasoma, kasema futa. Nimefuta. Ukija mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, tukae barazani sie wawili tu n'takwambia, na mama yako asisikie.

Hela ya umeme imefika.

Baba yako